Siku hizi hata kizuri chajitembeza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naomba radhi kwa wahenga, lakini naona hapo wamepitwa na wakati. Siku hizi kizuri nacho kinajitembeza, tena usiku na mchana, kwenye kiganja cha mkono. Unaamka asubuhi hujanawa uso, umeshapita maduka kumi: viatu, mapazia, dawa ya kuondoa kitambi, viwanja vya Kigamboni, na mama mmoja anayeapa kuwa achari yake ya pilipili itamrudisha mumeo nyumbani saa kumi na mbili jioni.

Karibu tena mpenzi msomaji. Leo nataka tuongee habari za biashara za kwenye simu. Usidhani nimekuja kuwasema wafanyabiashara tu. La hasha! Leo na mimi nimo kizimbani, nitajisema mwenyewe bila kushurutishwa. Yaani nimeshurutishwa kidogo. Mama watoto ameniambia nisipoandika mimi ataandika yeye, na yeye akiandika hataacha kitu.

Ngoja nianzie mbali.

Mwaka 1992, enzi za Mzee Ruksa, nilikuwa kijana nisiye na mke wala kitambi. Nikapata mshiko wangu wa mwezi, moja kwa moja mpaka Kariakoo, mtaa wa Kongo, kununua viatu vya kutokea. Jamaa mmoja mwenye meza akanipa kimoja, nikajaribu, kikaingia barabara. Akanifungia kwenye gazeti, nikalipa, nikaondoka napiga mluzi. Kufika nyumbani nafungua, lahaula! Viatu vyote viwili vya mguu wa kushoto.

Kesho yake asubuhi, mguu mosi mguu pili, nikarudi. Jamaa nikamkuta pale pale kwenye meza yake. Akaruka kimanga, ati mimi ndiye niliyechagua. Tukafokeana. Muuza kahawa akaweka dele chini, wenye meza za jirani wakasogea, mzee mmoja akashika viatu akavigeuza geuza, akasema, "Kijana, mbadilishie mwenzio, usitutie aibu hapa." Akabadilisha. Akaniambia kwa kununa, "Siku nyingine jaribu vyote viwili, bwana." Mchezo ukaishia hapo, na nilikuwa mteja wake kwa miaka mingi baadaye.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu ya gauni la mama watoto.

Mwaka juzi alialikwa sendofu ya mtoto wa rafiki yake. Akaona gauni Instagram, rangi ya damu ya mzee, limevaliwa na msichana ambaye hata gunia lingempendeza. Ukurasa una wafuasi 80,000. Bei haikuandikwa, imeandikwa "njoo inboksi". Mama watoto akaenda inboksi, akaambiwa 85,000, tuma na ya kutolea. Akatuma. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu akaja kijana wa bodaboda na mfuko mweusi. Rangi ya kilichomo ndani ilikuwa ya tofali la kuchoma, na kipimo cha mtoto wa darasa la sita.

Akaandika kulalamika. Simu ikaonyesha kuwa ujumbe umesomwa. Akaandika tena, akapigwa bloku. Ukurasa wenye wafuasi 80,000 ukapotea kwenye simu yake kama moshi wa sigara.

Sasa aende wapi? Hakuna meza. Hakuna muuza kahawa. Hakuna mzee wa kusema usitutie aibu hapa. Sendofu akaenda na kitenge chake cha zamani, gauni akapewa binti wa shemeji yangu, likamkaa kama alipimwa.

"Baba watoto," akaniuliza usiku ule, "hivi watu 80,000 wote wale waliona nini pale?"

Nikamjibu kwamba wafuasi nao siku hizi wananunuliwa kama vitunguu. Ukiwa na hela yako unajaziwa gunia, na wengi wao si watu, ni majina tu. Akaniangalia akasema, "Ulikuwa unalijua hilo na umenyamaza?" Nikajifanya nimelala.

Hiyo ya "njoo inboksi" nayo iliniwasha siku nyingi, nikaamua kufanya uchunguzi. Niliona viatu kwenye ukurasa mmoja, nikauliza bei. Picha yangu ya kwenye akaunti nimesimama pembeni ya gari la bosi wangu siku ya harusi yake. Nikajibiwa 75,000. Nikamwambia mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, naye aulize. Picha yake yeye ni ya paka. Kiatu kile kile, namba ile ile, rangi ile ile, paka akaambiwa 55,000. Kumbe nilikuwa nataka kutozwa shilingi 20,000 za gari lisilo langu!

Lakini tusiwe wepesi wa kusahau. Hata yule wa mtaa wa Kongo alikuwa anakuangalia saa ya mkononi na viatu ulivyovaa kabla hajataja bei. Mchezo ni ule ule, umehamia kwenye simu tu. Kijana mmoja anayeuza mikoba mtandaoni alinieleza bila kificho. Kwanza, akiandika bei hadharani mwenzake anaiona na kushusha elfu moja. Pili, mteja akishaingia inboksi mmeshasalimiana, umeshamwita dada yangu mpenzi, kuondoka mikono mitupu ataona haya. Hiyo nayo ni akili ya biashara. Ila na mteja ana akili zake. Wengi wakiona bei imefichwa wanapita zao, wanakwenda kwa aliyeandika.

Na sisi wanunuzi tumebadilika jamani, tusiseme uongo. Zamani ulikwenda dukani kwa sababu una shida na kitu. Siku hizi kitu ndicho kinakufuata kitandani kukuambia kwamba una shida nacho. Niliwahi kusimama kwenye picha ya pazia moja tu, tena bahati mbaya, kidole kiliteleza. Wiki nzima nikaletewa mapazia. Mitambo ile inakumbuka ulipotua jicho, na jicho lako ndilo biashara yao, wanawauzia wenye matangazo. Mwisho nikajikuta namwambia mama watoto kwamba mapazia yetu yamechakaa. Yana mwaka mmoja!

Halafu kuna lile la "zimebaki mbili tu". Kuna sufuria moja nimeliona limebaki mbili tu tangu Krismasi mpaka Pasaka. Mtu anaogopa kukosa, ananunua, kodi ya nyumba ikifika anaanza kukwepana na mwenye nyumba kwenye korido.

Hayo ni machungu. Sasa niseme na matamu, maana bila hayo kisa changu hakitaeleweka.

Mtaani kwetu yuko mama mmoja, jina lake nalihifadhi, nitamwita Mama Keki. Alianza kwa kuwaokea majirani kwenye sufuria na mkaa juu na chini. Fremu ya duka hakuweza, unajua wenye fremu wa jiji hili, anakutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hujauza hata pipi. Binti yake akamfundisha kupiga picha keki zake na kuziweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Picha moja ikamwona mtu wa Tabata, akamwambia mtu wa Mbagala. Mama wa watu akawa anapokea oda za watu ambao hajawahi kuwaona na hana haja ya kuwaona. Hela inaingia kwa simu, keki inatoka kwa bajaji. Akakopa kwenye kikoba, akanunua oveni. Tangazo lake lote gharama yake ilikuwa bando.

Nani angemfanyia hivyo zamani? Tangazo la redio lilikuwa la wenye viwanda. Gazeti, hata hili lako mpendwa, lina bei yake. Simu imempa Mama Keki kibao cha duka kinachosomwa Dar es Salaam nzima. Hilo ni jambo kubwa, na anayesema mitandao yote ni upuuzi aje azungumze na Mama Keki.

Halafu nikaja mimi.

Binti yangu alikuwa na mahafali ya darasa la saba. Nikaagiza keki ya 70,000, nikalipa yote. Mama Keki akaniambia, "Shemeji, keki ni ya ngazi mbili, itakuja kwa bajaji, ni 10,000." Mimi na ubahili wangu nikasema hapana, nina kijana wangu wa bodaboda atanifanyia kwa 3,000. Akasema, "Shemeji, bodaboda siishauri." Nikasema wewe mkabidhi tu, lawama juu yangu.

Barabara mnazijua. Keki ilifika ikiwa imelala ubavu, krimu imehamia kwenye mfuniko, jina la mwanangu limebaki herufi mbili. Mtoto akalia. Wageni wamekaa, mama watoto ananitazama kwa lile jicho. Hasira zikanipanda. Badala ya kumpigia simu yule mama, au walau kukumbuka neno langu la "lawama juu yangu", nikapiga picha nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa lenye watu zaidi ya 200. Nikaandika, "Jihadharini na huyu mama, hiki ndicho nilicholetewa kwa 70,000." Ya bodaboda na ya 3,000 sikuandika. Dakika chache zikajaa pole, vicheko, na wenye kusema na wao walikuwa wanamshuku siku nyingi. Nikajisikia shujaa.

Mama Keki hakujibu neno.

Baada ya kama wiki tatu mama watoto akarudi kutoka kwenye kikoba, amenuna. Akavua kilemba akakaa. "Leo Mama Keki ameomba aongezewe muda wa marejesho," akasema. "Oda nne zimefutwa mwezi huu. Moja ni ya harusi. Wanamwambia wameona picha." Akanyamaza kidogo. "Baba watoto, ile bodaboda nani aliiita?"

Wasomaji wangu, nilitafuta pa kuangalia nikakosa.

Usiku ule nikaandika kwenye kundi kuomba radhi. Nikaeleza yote, bajaji niliyoikataa na kijana wa 3,000. Unajua nilipata majibu mangapi? Manne. Moja lilikuwa la mtu anauliza kama maji yametoka. Matusi yangu yalisomwa na mtaa mzima, radhi yangu wakaipita kama tangazo la mkutano. Kibaya zaidi, picha ilikuwa imeshatoka kundi letu, imekwenda kwa watu nisiowajua. Mwezi uliofuata binamu yangu wa Mwanza akanitumia picha ile ile kunionya nisinunue keki Dar, na chini yake mtu ameongeza maneno yake kwamba wageni waliumwa matumbo. Matumbo! Wakati ile keki tuliila na vijiko mpaka ikaisha, na mimi nikaramba mfuniko.

Nikaenda kwake kwa miguu. Nikamkuta anapepeta unga. Nikasema, "Shemeji, nimekuja kuomba radhi." Akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema taratibu, "Samahani nimeipokea, shemeji. Sasa iambie na ile picha."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Ndipo nikaona kwamba mimi na yule mwuza gauni ni ndugu wa baba mmoja. Yeye alimkimbia mama watoto kwa kumpiga bloku. Mimi nilimhukumu mama wa watu bila kumwita aseme lake. Wote wawili tulifanya hivyo kwa sababu hatukuwa tumesimama uso kwa uso. Ningekuwa mbele ya meza yake kama ile ya mtaa wa Kongo, angesema neno moja tu, "bajaji", na wazee wangenicheka. Simu imefupisha njia ya kutoka kwa muuzaji mpaka kwa mnunuzi, lakini yule mzee wa kushika kiatu na kukigeuza hakuja nayo. Kazi yake tumeachiwa wenyewe.

Basi tuifanye. Wewe mnunuzi, kabla hujatuma hela uliza jina na mahali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hizi akueleze jina lake, anuani yake na habari za bidhaa anayouza. Kwa hiyo ukiuliza hujamtukana mtu. Kama unaweza, lipa mzigo ukifika na umeufungua. Kama ni lazima utangulize, angalia jina linalotokea kwenye simu kabla hujabonyeza namba ya siri. Duka linaitwa la dada fulani, jina linakuja la kaka fulani? Simama, uliza. Usihesabu wafuasi, tafuta mtu mmoja unayemfahamu aliyewahi kununua pale. Mazungumzo na risiti ya muamala usifute, na ukitapeliwa Tume ya Ushindani ipo, mlinda mlaji ndiyo kazi yake mojawapo, na polisi wapo.

Na ukikosewa, mpigie kwanza muuzaji. Mpe nafasi ya kubadilisha kiatu. Akikataa, sema hadharani, una haki hiyo, lakini sema yote pamoja na ya bodaboda yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo ya mwaka 2015, inahesabu kuwa ni kosa kusambaza jambo unalolijua ni la uongo kwa nia ya kumchafua mtu. Lakini hata pasingekuwa na sheria, upande wa pili wa picha kuna mtu ana marejesho ya kikoba.

Wewe muuzaji, andika bei. Piga picha ya kitu ulichonacho, si cha msichana wa China. Ukikosea, badilisha upesi, maana mteja aliyebadilishiwa vizuri anaweza kukusifia. Na tafadhali weka daftari. Ndiyo, daftari la karatasi, lenye majina na namba za wateja wako. Nakukumbusha tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja dunia nzima kwa karibu saa sita. Zilizima pamoja kwa sababu mwenye nyumba ni mmoja. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Siku ile waliokuwa na namba za wateja walipiga simu, oda zikaendelea. Wasiokuwa nazo walikaa wanaitazama simu kama mtu anayesubiri daladala siku ya mgomo. Duka lako umeliweka kwenye baraza la mtu. Siku akifunga geti, uwe na pa kuwapata watu wako.

Mama Keki anaendelea. Oda zimerudi kidogo kidogo, si kama zamani, lakini oveni haikuuzwa. Mwezi uliopita mama watoto alitimiza miaka ambayo amenikataza kuitaja, nikaenda kuagiza keki. Ngazi mbili. Nikamwambia safari hii bajaji, hata ikiwa 15,000.

Akachukua daftari lake, akaandika jina langu. "Kwako wewe shemeji," akasema, "nalipwa yote kwanza, na ya bajaji. Na keki ukipokea, piga picha palepale mlangoni, dereva akiwepo."

Nikalipa. Nikapiga picha. Keki imesimama wima kama askari wa gwaride. Nikaitupa kwenye kundi la mtaa na maneno ya sifa kama mistari mitano hivi. Wakajibu sita. Tumepanda kutoka manne.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na kama kwenye simu yako ipo picha ya keki iliyolala ubavu, krimu imehamia kwenye mfuniko, nakuomba sana, ifute.